Kidani kikidondoka, usikimbilie kusema dhahabu ni feki

Mimi ni sonara, na mteja kaniambia tena: "Kidani kimepotea, kumbe dhahabu yenyewe feki." Cheni iko mkononi mwake, nzima kabisa! Jamani, cheni ikibaki shingoni na kidani, kile kipambo kinachoning'inia, kikaenda zake, acheni kwanza habari za karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Angalieni kitanzi cha kidani, pale cheni inapopita.

Kidani hakitulii. Ukiinama, ukitembea, ukijigeuza usingizini, kitanzi kinateleza juu ya cheni, na jasho likichanganyika na vumbi linasaga kama msasa. Kigeuze kitanzi kwenye mwanga uchungulie upande wa ndani, juu, kinapolalia cheni. Utaona kijimfereji kinachong'aa. Ukikitazama kwa mbele bado kinene, kumbe pale juu kimelika kimebaki chembamba mno. Siku kinakatika, hata huhisi.

Sasa hilo la feki ndilo linalonichosha. Dhahabu safi, karati 24, ni laini; waya wake mwembamba unaupinda kwa vidole. Ndiyo maana tunaichanganya na madini mengine, hasa shaba na fedha. Muhuri wa 750, yaani karati 18, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu, na zilizobaki ndizo zinazoipa ugumu. Muhuri wa 916 ni karati 22: dhahabu nyingi zaidi, ulaini zaidi. Kwa hiyo kitanzi cha 916 kulika si ushahidi wa kutapeliwa hata kidogo. Dhahabu nzuri ndivyo ilivyo.

Kuna pia vipete vya kuunganishia kidani vilivyobanwa kwa koleo tu bila kulehemiwa. Hivyo hufunguka vyenyewe, vilehemiwe, basi.

Mimi hubadilisha kitanzi kikishalika nusu ya unene. Nusu hiyo naipima kwa jicho na mazoea, na sonara mwingine angesubiri. Kinachonitia mashaka zaidi ni kuweka kitanzi cha karati 14 kwenye cheni ya 22. Kitanzi kitadumu, ila sasa inayosagika ni cheni, na cheni ndiyo yenye dhahabu nyingi. Kidani kikiwa kizito nakubali. Kikiwa chepesi nasita, na mteja namweleza hivyo hivyo.

Na kama kidani chako kina lulu au opali, mwambie sonara kabla hajawasha moto. Hazivumilii joto la kulehemu. Ama zitolewe kwanza, ama kazi ifanywe kwa leza.