Je, wajua kwa nini Piriton inakulaza na setirizini, dawa nyingine ya aleji, haikulazi sana?

Hapa Lamu ukiamka unapiga chafya mfululizo, kamasi majimaji hazikomi na macho yanawasha, mtu wa kwanza utakayemwambia atakujibu meza Piriton ulale. Na kweli utalala, lakini ule usingizi sio alama kwamba dawa imeshika, hapo ndo wengi wanachanganya.

Iko hivi: mwenye aleji akivuta vumbi, manyoya ya paka (na mji huu paka wamejaa kila kichochoro), au vile vijidudu vya godoro visivyoonekana kwa macho ambavyo unyevu wa pwani unavifaa sana, mwili wake unamwaga kemikali inayoitwa histamini. Histamini ikikaa kwenye vipokezi vyake puani, yaani kama viti vyake vya kukalia, basi chafya na muwasho vinaanza. Dawa hizi zote kazi yake ni kuwahi hivyo viti, histamini ikija inakuta pamejaa.

Tofauti iko kwenye ubongo. Huko histamini ndo inatuweka macho, na Piriton, ambayo ni dawa ya kizazi cha kwanza, inapenya kirahisi hadi ndani, kwa hivyo unasinzia. Setirizini, loratadini na feksofenadini ni kizazi cha pili, ubongo unazizuia sana zisiingie. Setirizini bado inawasinzisha baadhi ya watu, loratadini kidogo, feksofenadini karibu hakuna. Tena Piriton unarudia kila baada ya masaa 4 mpaka 6, setirizini ya miligramu 10 ni mara moja kwa siku. Mtu anayeendesha boti Mokowe na Lamu kutwa nzima mimi simshauri Piriton kabisa, wala mzee, manake inaweza kumvuruga akili na kumzuia mkojo.

Na sisi watu wa jusi tusikie hili: feksofenadini usiimeze na jusi ya machungwa, balungi wala tufaha, dawa haiingii mwilini vizuri, tumia maji.

Kama shida yako kubwa ni pua kuziba, vidonge hivi vyote vitakusaidia kidogo tu. Muulize mfamasia sprei ya puani ya steroidi kama flutikasoni, unapuliza kila siku bila kuruka na unaipa siku kadhaa ishike vizuri, usiiache siku ya pili ukisema haifanyi kazi.