Dampa ya krankishafti: ule mpira ndani ya puli

Kwenye maduka ya spea Kampala, puli ya krankishafti (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) huja kwa sura mbili. Moja ni ya chuma, nzito, ina kutu kidogo, imetoka kwenye injini ya Japani. Nyingine ni ya alumini, nyepesi kama sahani, rangi nyekundu au buluu, na bei juu. Kijana mwenye gari huchagua ya pili.

Ile nzito itazame kwa karibu. Si kipande kimoja. Kuna kitovu kinachofungwa kwenye ncha ya krankishafti, kuna pete ya nje inayobeba mkanda, na kati yake mpira mwembamba mweusi. Hiyo ndiyo dampa, ingawa gereji nyingi huiita puli tu, kana kwamba kazi yake ni kuzungusha oltaneta basi.

Krankishafti, pamoja na unene wake, hujisokota. Silinda ikiwaka, pistoni huisukuma kwa nguvu, nayo hupinda kidogo kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudi. Injini ya silinda sita ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hupata mapigo 150 kila sekunde. Kila chuma kina mtetemo wake wa asili. Mapigo yakilingana nao, ni kama kusukuma bembea kila inaporudi: nguvu ndogo, mrusho mkubwa. Krankishafti ndefu, kama ya 1HZ, injini ya dizeli ya silinda sita ya Land Cruiser, ndiyo inayoumia zaidi.

Sasa ipige ngoma, kisha weka kiganja juu yake. Dampa hufanya hivyo. Pete ya nje, kwa uzito wake, hukataa kufuata mtetemo. Mpira huvutwa huku na huku na kuugeuza mtetemo huo kuwa joto.

Ukifunga alumini ya kipande kimoja, injini itapanda mizunguko upesi kidogo, ni kweli. Ila mtetemo umekosa pa kuishia. Gia za pampu ya oili zilizokaa juu ya krankishafti zinaweza kupasuka, bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krankishafti) zikalegea, beringi zikalika, hata krankishafti yenyewe ikapata ufa. Haitokei siku ya kwanza, ndiyo maana watu hudanganyika. Wala usitulizwe na neno “imebalansiwa”: balansi ni uzito kutoegemea upande mmoja, haizuii kujisokota. (Haki isemwe: zipo injini ndogo ambazo kiwanda chenyewe hakikuziwekea mpira. Hizo hatari yake ni ndogo.)

Dampa ya kiwandani nayo huzeeka. Mpira hukauka, hupasuka, pete huanza kuteleza. Chukua rangi nyeupe, chora mstari mmoja kutoka kitovu hadi pete ya nje, endesha wiki moja, kisha fungua boneti. Mstari ukikatika, pete imehama, na alama ya taimingi (wakati wa mafuta kuwaka kwenye silinda) iliyochongwa juu yake imehama nayo. Fundi akipima kwa alama hiyo, atarekebisha taimingi ambayo haikuwa na kosa.