Je, wajua kwa nini kivinjari, yaani brauza, huwa kizito, na kwa nini kukibadilisha mara nyingi hakusaidii?

Kama unatumia Chrome kwenye kompyuta, fungua ukurasa wowote kisha kitazame kile kiduara kinachozunguka kwenye kichupo (tab), pembeni mwa jina la ukurasa. Mwanzoni ni cha kijivu na kinazunguka kinyume na mishale ya saa. Baada ya muda kinageuka rangi na kuanza kuifuata mishale ya saa. Wengi tunakitazama kila siku bila kujua kwamba kinatupa taarifa. Kikizunguka kinyumenyume, kivinjari kimeshatuma ombi na kinasubiri seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ijibu. Kikigeuka, data imeanza kuingia. Kwa hiyo anayelalamika kwamba brauza yake imekuwa nzito, huku kiduara kikirudi nyuma kwa sekunde nyingi, anamlaumu asiyehusika. Brauza imekaa tu, haina la kufanya, inangoja mtandao au inaingoja tovuti.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ushauri unaotolewa haraka zaidi mtu akilalamikia kasi ni "hamia brauza nyingine". Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Mara nyingi si sahihi, na anayeufuata hukuta nyumba mpya ina mzigo uleule, maana mzigo aliuhamisha yeye mwenyewe.

Ili kuelewa uzito unatoka wapi, inabidi kujua kivinjari kinafanya kazi gani. Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, kazi ilikuwa kuonyesha maandishi na viungo, basi. Leo ukurasa wa kawaida una zaidi ya megabaiti 2: picha, fonti, mapambo, matangazo na, kinacholemea zaidi, msimbo wa JavaScript. Lugha hiyo ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 ndani ya siku 10 hivi, ili kuzipa kurasa uhai kidogo. Sasa ndiyo inayoendesha barua pepe, ramani, majedwali ya hesabu na mikutano ya video. Kuupakua msimbo huo ni hatua ya mwanzo tu. Kivinjari kinapaswa kuusoma, kuugeuza kuwa lugha ya prosesa, kisha kuutekeleza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye njia moja kuu ambayo pia hupokea mibofyo yako na kuchora skrini.

Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Hiyo inakipa kivinjari milisekunde 16 na ushei kwa kila mchoro. Kipande cha JavaScript kikiishika njia hiyo kwa milisekunde 300, unabofya na hakuna kinachotokea, unasogeza ukurasa na unakwamakwama. Mtandao unaweza kuwa mzuri kabisa, na bado simu yenye prosesa dhaifu ikahangaika. Kuongeza kifurushi cha intaneti hakuisaidii simu hiyo chochote.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo Chrome inalaumiwa kuliko kivinjari kingine chochote. Lawama ina ukweli ndani yake, ila sababu yake watu hawaisemi. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na mpango wa kuugawa mzigo katika michakato mingi, yaani programu ndogondogo zinazoendeshwa kila moja kivyake. Kabla ya hapo, katika vivinjari vilivyotawala, ukurasa mmoja ukianguka ulikuwa unaangusha dirisha zima, pamoja na barua uliyokuwa katikati ya kuiandika. Michakato mingi ina gharama: kila mmoja unahitaji kumbukumbu yake. Kisha Januari 2018 ikatangazwa dosari ya Spectre, iliyokuwa kwenye prosesa zenyewe, ambayo ingeweza kuiwezesha tovuti moja kuchungulia siri za nyingine zikiwa katika mchakato mmoja. Chrome ikajibu mwaka huohuo, katika toleo la 67, kwa kuitenga kila tovuti katika mchakato wake. Google wenyewe walikiri kwamba hatua hiyo inaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Firefox nayo ilifuata njia hiyohiyo baadaye. Sehemu ya RAM inayoliwa, kwa maneno mengine, ni bei ya usalama, na binafsi naona ni bei halali.

RAM kutumika sana si ugonjwa. Ugonjwa ni kuisha. Ikiisha, mfumo endeshi huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha kila vinapohitajika. Diski ikiwa ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, kompyuta nzima inajikokota: unabadilisha kichupo na kusubiri hadi unasahau ulikuwa unatafuta nini. Ikiwa ni SSD, diski mpya isiyo na sehemu inayozunguka, maumivu yanapungua, ingawa hayaishi.

Sasa, nani anakula? Hapa huna haja ya kubahatisha. Kwenye Chrome au Edge ya Windows bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha dogo lenye orodha ya kila kinachoendeshwa na kivinjari, na mbele ya kila mstari pameandikwa kiasi cha kumbukumbu, matumizi ya prosesa na mtandao. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili walaji wakubwa wapande juu. Usishangae kukuta kichupo cha barua pepe peke yake kimebeba megabaiti mia kadhaa, au mstari wa kiendelezi (extension) ulichokisakinisha zamani na kukisahau. Kisha bofya safu ya prosesa na uiangalie kwa nusu dakika bila kugusa kitu. Kurasa ulizoziacha zinatakiwa zitulie karibu na sifuri. Kuna kimoja kinachorukaruka kwenye asilimia 60 au 80 ilhali hata hukitazami? Mchawi wako ndiye huyo. Chagua mstari wake na ukatishe kazi hapohapo. Vichupo vingine kwa kawaida havitaguswa. Kwenye Firefox andika about:processes mahali pa anwani. Mwenye Mac anayetumia Safari ataziona anwani za tovuti zikiwa zimeorodheshwa ndani ya programu ya mfumo inayoonyesha shughuli za kompyuta.

Kwa maoni yangu viendelezi ndivyo vinavyostahili kutiliwa shaka mapema kuliko kitu kingine. Kiendelezi ni programu ndogo uliyoipa ruhusa ya kuingia kwenye kurasa zako. Kile kinachosahihisha tahajia, kinachotafuta kuponi, kinachotafsiri, kinachopiga picha za skrini: vingi vyake huingiza msimbo wao katika kila ukurasa unaoufungua, hata ule usiowahusu. Vitano vya namna hiyo, na kila ukurasa unabeba abiria watano zaidi. Kuna hatari ya pili isiyohusu kasi: kiendelezi kizuri huweza kuuzwa kwa mmiliki mpya, naye akakibadilisha kupitia sasisho huku wewe ukiwa bado unakiamini.

Kuvipima ni rahisi. Fungua ukurasa unaokusumbua katika hali fiche (incognito). Kwenye Chrome viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu kimoja kimoja. Ukurasa ukienda vizuri humo na kukwama nje, umeshajua pa kutafuta: zima vyote, kisha washa kimoja baada ya kingine hadi tatizo lirudi. Kinachoweza kutetewa ni kizuia matangazo kizuri, kwa kuwa chenyewe kinaongeza kazi kidogo ila kinaondoa nyingi zaidi, maana tangazo lisilopakuliwa halina msimbo wa kutekeleza.

Vipi kuhusu kufuta kache, dawa inayotolewa kwa kila ugonjwa? Kache ni nakala za picha, fonti na mafaili ambazo kivinjari kimezihifadhi kwenye diski ili kisizipakue tena. Ukizifuta, tovuti zote unazozitembelea zitaanza upya, na kwa saa kadhaa utakuwa na kivinjari kilicho polepole kuliko mwanzo. Kufuta kunasaidia pale ambapo nakala imeharibika au imepitwa na wakati: ukurasa unaonekana umevunjikavunjika, kitufe hakifanyi kazi, unaona muundo wa zamani wakati wenzako wanaona mpya. Au diski imejaa pomoni. Vidakuzi (cookies) navyo ni vijifaili vya maandishi vilivyo vidogo mno. Ukivifuta utatolewa kwenye akaunti zako zote, na kasi utakayoipata haionekani kwa macho.

Vichupo vingi havihitaji tena kuwa dhambi kubwa. Tangu mwisho wa 2022 Chrome ina kipengele cha kuokoa kumbukumbu, ambacho hukilaza kichupo usichokitumia na kukipakia upya ukikirudia. Edge ina chake, na Firefox huviondoa vichupo kwenye kumbukumbu RAM inapopungua. Kipengele hicho kitafute kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji. Papo hapo kwenye mipangilio, upande wa mfumo, angalia kama kivinjari kinaruhusiwa kutumia kadi ya picha. Ikizimwa, kazi ya kuchora na kucheza video inairudia prosesa, na feni ya kompyuta itakwambia. Ila kuna mashine ambazo dereva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha, ni mbovu, na kwao kuzima ndiko kunakoleta nafuu. Jaribu pande zote mbili.

Na kifunge kivinjari siku moja moja. Masasisho hupakuliwa kimyakimya, lakini hayaanzi kufanya kazi mpaka kianzishwe upya.

Ukishafanya haya na bado hujaridhika, sasa tuzungumze kuhama. Jambo la kwanza kulijua ni kwamba vivinjari ni vingi kwa majina kuliko kwa injini, yaani sehemu ya ndani inayosoma msimbo na kuuchora ukurasa. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet vyote vinatumia Blink, inayotengenezwa katika mradi wa Chromium. Edge ilikuwa na injini yake hadi Microsoft ilipoiacha na kuhamia Chromium, Januari 2020. Opera ilikuwa imeshaiacha ya kwake mwaka 2013. Firefox imebaki na Gecko, na Safari ina WebKit. Kutoka Chrome kwenda Brave ni kubadilisha bodi ya gari na kubaki na injini ileile. Viti, taa na kioo vinaweza kuwa bora, lakini usitarajie mwendo mwingine. Kwenye iPhone hali ni ya ajabu zaidi: nje ya maeneo machache ambako Apple ilibanwa na sheria, kama Umoja wa Ulaya tangu 2024, kila kivinjari kinalazimika kutumia WebKit. Chrome ya iPhone ni Safari iliyovaa nguo za Google.

Undugu huu ni wa zamani. Blink ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, nayo WebKit ilitokana na KHTML, kazi ya wapenzi wa Linux. Hadi leo Chrome ikijitambulisha kwa tovuti inaanza kwa kujiita Mozilla, kisha inataja WebKit, KHTML, Gecko na Safari katika pumzi moja, ili tu tovuti za zamani zisiifungie mlango.

Kwa hiyo usichague kwa kasi inayotangazwa. Vivinjari vikubwa vimefikia mahali ambapo tofauti zao kwenye vipimo kama Speedometer ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na kiendelezi kimoja kibovu. Chagua kwa mambo mengine. Mwenye Mac anayejali betri abaki na Safari. Anayetaka kizuia matangazo chenye nguvu zote aangalie Firefox, kwa sababu Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi na kizuia matangazo maarufu cha uBlock Origin, toleo lake la kawaida, hakikubaliki tena humo. Asiyetaka kusakinisha chochote cha ziada atafaidika na Brave, inayozuia matangazo tangu siku ya kwanza. Kwenye Windows, Edge ipo tayari na inatosha, ukivumilia jinsi inavyokusukumia huduma nyingine za Microsoft.

Mwenye simu dhaifu na mtandao wa kusuasua, Opera Mini bado ina nafasi yake. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa huandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, kisha simu hupokea kifurushi kilichopunguzwa. Simu inapumzika na data inapungua. Kwa upande wa pili, trafiki yako inapita kwa mtu wa kati, na kurasa zenye JavaScript nyingi huharibika. Itumie kusomea habari, shughuli za benki zifanyie kwingine.

Lililo nje ya mjadala ni kivinjari kisichopata masasisho. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022, na Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023. Hata kama kinaenda kasi, milango yake iko wazi.

Ukihama, kivinjari kipya kitakuuliza kama unataka kuleta vitu vyako vya zamani. Kwenye Edge orodha hiyo inaweza kujumuisha hata viendelezi na vichupo vilivyo wazi. Chukua alamisho (bookmarks) na manenosiri; viendelezi na vichupo uviache ulikotoka.