Je, wajua kwa nini “kila nusu sekunde” ya pyglet si nusu sekunde?

Ukiandika `pyglet.clock.schedule_interval(sogeza, 0.5)`, pyglet, maktaba ya Python ya michezo, picha na sauti, itaita funksheni yako `sogeza` kila nusu sekunde. Wengi huichukulia hiyo kama kengele: muda ukifika inalia, inakatiza chochote kinachoendelea, na funksheni inaanza papo hapo.

Kengele hiyo haipo. Wala saa ya pyglet haina mfanyakazi wa pili pembeni. Kuna lupu moja tu, yaani msimbo unaojirudia tena na tena, nayo ni kama karani mwenye daftari la miadi: humaliza na mtu aliye mbele yake, ndipo afungue daftari aone muda wa nani umefika. Hakatizwi na mtu. Ndiyo maana ukiweka `time.sleep(3)` ndani ya funksheni yoyote, dirisha zima linaganda. Karani kasinzia mezani. Akizinduka, `sogeza` imeshapitwa na miadi kama sita, lakini haiiti mara sita. Anaiita mara moja, na kuikabidhi `dt`: sekunde halisi zilizopita tangu iitwe mara ya mwisho.

Namba hiyo ndiyo inayookoa mchezo. Kwa `x += 200 * dt`, fremu ya 1/60 ya sekunde husogeza picha pikseli 3.3 hivi, lupu ikikwama robo sekunde, picha inaruka pikseli 50. Inaruka vibaya, ndiyo, ila inatua panapostahili. Ukiandika `x += 5`, mashine nzito itakupa mchezo wa kinyonga.

Cha ajabu, uchelewaji mdogo haufidiwi. Mwito ukichelewa kwa chini ya sekunde 0.05, ufuatao hupangwa kutoka sasa, si kutoka muda uliotarajiwa. Ulioitwa kwenye 0.52 hufuatwa na wa 1.02 hivi. Ukichelewa zaidi ya hapo, pyglet huachana na ratiba ya awali na kutafuta nafasi isiyo na msongamano.

Utafutaji huohuo ndio kazi ya `schedule_interval_soft`, iliyokusudiwa mambo kama kujaza bafa za sauti (akiba ndogo za data inayosubiri kuchezwa): nyimbo kumi zikidai data kwa pamoja, prosesa huelemewa kisha hukaa bure. Yenyewe huzitawanya, kwa hiyo usiitumie pale mwito wa kwanza unapotakiwa kuja kwa wakati maalumu.