Kumuenzi si kumwadhimisha

Kila Jumatatu ya tatu ya Januari, Wamarekani wanapopumzika kwa heshima ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi nchini mwao, wapo Waswahili wanaoandika "tunamuenzi Dkt. King" chini ya picha ya jukwaa, keki na shada la maua. Kuenzi ni kukithamini kitu kwa kukitunza, basi. Kilichomo pichani kina jina lake: kuadhimisha.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, ila mashina ni mbalimbali. Adhimisha limetokana na adhimu, yaani kuu, tukufu. Unaitukuza siku, ngoma inapigwa, jua linatua, imekwisha. Enzi ni nguvu na heshima ya mwenye kutawala. Ndiyo maana tuna kiti cha enzi, na Mwenyezi ni mwenye enzi tu, maneno mawili yaliyoungana. Hata "enzi za mkoloni" kwanza ni utawala wake, miaka ilifuata baadaye. Shina hilohilo ndilo lililotupa azizi, yaani kipenzi, kitu cha thamani. Kwa hiyo anayeenzi huweka mtu moyoni na kitini kwa pamoja, na aliyeketi kitini huagiza.

King aliagiza. Februari 1968, katika mahubiri kanisani kwake Atlanta, aliomba siku ya mazishi yake wasitaje Tuzo ya Nobel, waseme tu kwamba alijaribu kuwatumikia wengine. Miezi miwili baadaye aliuawa. Sikukuu yake ilitiwa saini 1983, ikaanza 1986, na 1994 sheria ikaifanya pia siku ya taifa ya kujitolea.

Kujitolea nako kunapunjwa maana, kama kwamba ni kugawa nguo kuukuu. Tarehe 4 Aprili 1968 risasi ilimkuta Memphis, alikokwenda kusimama na wazoa taka wapatao 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka. Hakuwapelekea unga. Walidai mshahara, usalama na kutambuliwa kwa chama chao, naye akasimama hapo. Na Montgomery, mji wa Alabama, weusi wakiongozwa na King walipogomea mabasi yaliyowabagua kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955, umoja ulihesabika kwa magari ya kubebana: takriban 300, yakipangiwa vituo ili mtumishi wa nyumbani afike kazini.

Mpangilio huo ndio unaokosekana siku hizi za kujitolea. Watu 40 wanafika kwenye ghala la chakula lenye kazi ya watu 10 na mafagio 8, mwenyeji anaacha shughuli zake kuwapokea wageni. Ukuta wa shule unapakwa rangi juu ya vumbi na unyevu, haupiti mwaka rangi inabanduka. Muulizeni mwenyeji wiki tatu kabla anakosa nini, mhesabu vifaa kisha ndipo mualike watu. Ukuta ukwanguliwe, uoshwe na ukauke kabla ya kopo kufunguliwa. Na mmoja wenu apewe kazi ya kurudi baada ya mwezi kutazama kilichoharibika.

Waliohudhuria hotuba na kuweka shada waandike "tumemwadhimisha Dkt. King". Ni Kiswahili safi na hakina aibu. "Tumemuenzi" tumwachie yule atakayerudi mwezi wa pili na brashi yake.