Korosho ukiigeuza ni korosho, b ukiigeuza ni d

Baba mmoja wa hapa Mikindani aliniletea daftari la mwanawe, limejaa wino mwekundu. Mtoto ana miaka mitano. Kila palipotakiwa b ameweka d, hata "baba" imekuwa "dada". "Mwalimu," akaniuliza, "huyu ana tatizo la macho?"

Nilichukua korosho nikaiweka mezani, mgongo wake ukitazama kushoto. Nini hii? "Korosho." Nikaigeuza. Na sasa? "Korosho!" Tangu azaliwe mtoto amejifunza kwamba kitu kikigeuka hakibadili jina: kiatu ni kiatu, mbuzi anayekwenda ufukweni ni yuleyule anayerudi. Herufi ndizo za kwanza kuvunja kanuni hiyo. Fimbo moja, tumbo moja: tumbo likikaa kulia chini ni b, likihamia kushoto ni d, likipanda juu kulia ni p. Mpaka miaka saba hivi kosa hili ni la kawaida kabisa, na mtoto anayechapwa kwa ajili yake anaadhibiwa kwa kutumia akili.

Mimi sifundishi b na d wiki moja. Naanza na b, naiacha itulie, ndipo d inakuja baadaye. Tunaandika mchangani kwa kidole, herufi kubwa kama sahani, kwa sababu mwanzo wa kila moja ni tofauti: b huanza na fimbo kutoka juu, d huanza na tumbo. Mkono ukishazoea pa kuanzia, jicho nalo hukosea kidogo.

Linaloniuma zaidi ni wimbo wa a, be, che, de. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliufurahia, hadi siku nilipoandika k peke yake ubaoni na darasa zima likaanza kuimba kutoka a ili kuifikia. Walikuwa na wimbo, herufi hawakuwa nazo. Tena jina la herufi humpoteza msomaji: "be-a-be-a" haijawahi kuwa baba. Mpe mtoto sauti.

Kiswahili kimetupendelea hapa. Irabu tano hazibadili sauti popote zilipo, na kwa hizo tu mtoto tayari anasoma "ua" na "oa". Kisha naleta konsonanti zinazovutika mdomoni, m, s, n, l, maana "mmm" unaweza kuishikilia mpaka irabu ifike: mmmaaa. B na k hukatika ghafla, kwa hiyo husubiri. Shida ni m inayosimama peke yake, kama kwenye mti na mkorosho. Hiyo ningependa ichelewe, lakini watoto huiona kwenye mabasi kabla sijawa tayari, basi tunapiga makofi: M-twa-ra, matatu.

Mzazi akitaka kununua chati, aitazame kwanza c. Nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza na pale pana picha ya paka. Mtoto anaona paka, anasema p, anaambiwa c! Kwetu c haitembei bila h, na q na x hatuna kazi nazo.

Yule baba nilimwomba aweke kalamu nyekundu kabatini na kila jioni aandike na mwanawe mchangani, b peke yake, mpaka nitakapomwambia d imeanza.