Mnyama aliyejeruhiwa ni deni la kambi nzima

Asubuhi ile tulikuwa wanne katika pori la Handeni. Gari tulikuwa tumeliacha mbali, na askari wa wanyamapori alikuwa anatufuata hatua chache nyuma. Ukingoni mwa kijito kilichokauka lilisimama dume la kuro, yule swala mkubwa wa kando ya maji. Mwenzetu aliyekuwa na zamu akapiga. Kuro akashtuka, akakunja mgongo kama mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo, akazama kichakani.

"Nimemkosa," mwenzetu akasema, na hapo hapo akaanza kutundika bunduki begani.

Mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha kazi hii, hakumjibu. Alivunja kijiti akakichomeka pale mwenzetu alipokuwa amesimama, akaenda taratibu hadi pale alipokuwa kuro, akachutama. Alipoinuka alikuwa ameshika nywele chache baina ya vidole.

"Hukumkosa, mwanangu. Umempiga tumbo. Sasa tunadaiwa sote."

Nimewasomea nyayo wageni wa uwindaji wa kitalii kwa miaka mingi, na baadaye nikawinda kwa leseni yangu mwenyewe. Vijana wa hapa Tanga wanaonijia barazani huuliza kwanza habari za bunduki: ipi nzuri, ipi ina nguvu. Mimi huwarudisha kwenye neno lile la mjomba. Kupiga kila mtu anaweza kufundishwa kwa wiki chache. Kinachomtofautisha msasi na mtu mwenye bunduki huanza risasi ikishatoka, na mara nyingi huanza na swali moja dogo: umempiga wapi? Mtu atakayejibu kweli ndiye ninayetaka nilale naye kambi moja.

Msiwe wepesi wa kumlaumu mwenzetu yule. Katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na mgeni hulipa. Aliyekosa kabisa halipi kitu. Kwa hiyo neno "nimemkosa" lina faida mfukoni, na hata pasipo na fedha lina faida ya kumwokoa mtu na aibu. Ndiyo maana lazima wawepo wenzako wa kulikataa. Aliyepiga anakuwa na moshi machoni na moyo unadunda. Yeye ndiye shahidi mbovu kuliko wote. Aliyesimama pembeni husikia mlio wa pili, ule mzito wa risasi kuingia mwilini, na huona mnyama amefanya nini. Aliyepigwa moyo mara nyingi huruka juu kisha hukimbia kwa kasi, kichwa chini, halafu huanguka ghafla. Aliyepigwa tumbo hukunja mgongo na kuondoka bila haraka, na huyo ndiye atakayekupa siku ndefu.

Basi nieleze hiyo siku ndefu inavyokwenda, maana hapa ndipo pana elimu.

Kwanza, usikimbilie. Weka alama mbili, pale ulipopigia na pale mnyama alipokuwa, kwa sababu ukishatembea hatua hamsini pori lote hufanana. Kisha soma damu. Damu nyekundu angavu yenye povu imetoka mapafuni, na mnyama huyo hafiki mbali. Damu nyeusinyeusi, nzito, ni ya ini. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyochachuka, ni tumbo, na hapo subira ndiyo dawa. Aliyejeruhiwa tumboni, asipofukuzwa, hulala kwenye kivuli cha kwanza anachokiona. Akisikia miguu nyuma yake huinuka, na akiinuka mara moja anaweza kukupeleka kilomita nyingi huku jeraha limeziba na damu haidondoki tena.

Lakini subira nayo ina gharama katika joto letu. Nyama huanza kuharibika upesi, na fisi hawangoji ruhusa. Mjomba aliamua saa mbili za kungoja. Tulikaa chini ya mti mmoja mkubwa wa zamani, ambao jina lake sikulijua siku ile, tukanywa maji, na hakuna aliyemsema mwenzetu. Hilo pia nililisoma pale. Mtu aliyekosea akishambuliwa, safari ijayo ataficha. Mjomba alimuuliza tu kidogo kidogo: ulipumua vipi, uliegemea nini, alikuwa amekupa ubavu au amegeuka? Ikaja kujulikana kwamba kuro alikuwa amegeuka nusu. Moyo wa hawa wanyama umekaa chini na mbele, baina ya miguu ya mbele. Unafuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, unapanda mpaka theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, na hapo ndipo. Akigeuka nusu, mahali pale panahama, na macho ya mwenye pupa hayaoni kwamba pamehama.

Tulipoanza kufuata, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mmoja husoma nyayo na macho yake yako chini tu. Mmoja, mwenye bunduki tayari, hutazama mbele. Mmoja hubaki kwenye tone la mwisho la damu, haondoki mpaka tone jipya lionekane. Wote hutembea pembeni mwa nyayo, hawazikanyagi. Ikifika mahali damu imekatika, mtu wa tone la mwisho ndiye mwenye thamani kuliko wote, ingawa kazi yake ni kusimama. Nimeona mnyama akipotea kwa sababu tu kijana aliona uvivu kusimama peke yake juani.

Tulimkuta karibu na saa kumi jioni, amelala kivulini, kichwa bado kimeinuka. Aliyeanza ndiye aliyemaliza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, mjomba akamwambia aketi kwanza, aegemee mti, apige akiwa ametulia. Alipiga mara moja.

Sisi watu wa pwani tuna jambo jingine hapa, la kuchinja. Bismillahi husemwa wakati wa kupiga, na mnyama akikutwa yu hai huchinjwa. Katika makundi yangu Wakristo huwa wapo siku zote, na desturi ni moja: Mwislamu achinje, ili chungu kiwe kimoja. Kuna hukumu moja ya dini ambayo wawindaji wa kuro wanapaswa kuijua vizuri. Mtume alielekeza kwamba windo lililopigwa mshale likakutwa limezama majini lisiliwe, kwa kuwa hujui lililoliua ni maji au ni mshale. Sasa kuro akikimbizwa hukimbilia maji. Ndiyo ngome yake. Kwa hiyo anayempiga kuro ukingoni mwa mto kwa pupa anaweza kuua na asipate kitu cha kula. Mimi naiona hukumu hiyo kama mwalimu wa uwindaji: ngoja atoke majini, ngoja akupe ubavu, au mwache aende.

Na hapa niseme neno juu ya nyama ya kuro, kwa kuwa watu huisema vibaya kwamba inanuka. Kinachonuka ni mafuta ya manyoya yake. Anayeshika ngozi asishike nyama, na kisu kilichopita juu ya manyoya kioshwe. Kuro wetu siku ile aliliwa na watoto wakaongeza.

Miaka ya nyuma nilimsindikiza mgeni kutoka Ujerumani, mzee mwenye maneno machache. Alipiga kongoni mmoja, risasi moja safi ya bega. Tulipofika, kabla ya picha, alivunja kijitawi chenye majani akakiweka mdomoni mwa kongoni. Kisha akavua kofia, akasimama kimya. Nilimuuliza. Akaniambia kwao ndivyo anavyofanyiwa ayala: huo ni mlo wa mwisho, anayeua humpa aliyeuawa tonge la kumuaga. Mwindaji naye hupewa kijitawi cha kuchomeka kofiani, na wenzake humpongeza.

Ayala wengi wetu tunamjua kwa Zaburi, yule anayetamani mito ya maji. Huku kwetu hayupo. Wengine humwita kulungu, lakini wanyama wetu ni jamii nyingine: madume ya ayala huangusha pembe kila mwaka na kuotesha mpya, ilhali pembe za pongo na kuro, zikiota, ni zile zile mpaka kufa. Hata hivyo nilipomwona mzee yule amevua kofia, niliona kitu ninachokijua. Mjomba naye alikuwa na mazoea ya kufumba macho ya mnyama kwa kiganja, na hakumruhusu mtu kumkalia wala kumpanda kwa ajili ya picha. Hawakupata kuonana, lugha zao zilikuwa mbali, na adabu yao ilikuwa moja.

Tena sisi wa mkoa huu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta asili ya mambo haya. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Unguu, akafukuzwa na ndugu zake kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa mkosi. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkuu wa pale, wakawa wanawinda pamoja. Siku moja nguruwe akamuua yule kijana. Mbegha hakuweza kurudi kwa baba wa rafiki yake. Alikimbilia milima ya Usambara na mbwa wake na mikuki yake. Huko aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na nyama akawagawia watu, mpaka wakamfanya mfalme pale Vugha. Watu hupenda mwisho wa hadithi, enzi na ufalme. Mimi hukaa zaidi pale katikati. Mtu aliondoka na mwenzake, akarudi bila yeye. Kila ninapotoa kijana wa mtu nyumbani kwao alfajiri namkumbuka, na ndiyo sababu bunduki kambini kwangu haiingii ikiwa na risasi chemba, awe nani mwenye nayo.

Na ugawaji wa nyama ndio uliomfanya Mbegha awe mtu mbele ya watu. Kwetu kanuni ni damu ya kwanza: aliyemtoa mnyama damu mwanzo ndiye mwenye windo, hata kama mwingine ndiye aliyemwangusha. Lakini kuwa na windo si kuwa na nyama yote. Aliyesimama kwenye tone la mwisho anapata fungu sawa na aliyepiga. Anayebaki kambini akipika anapata. Jirani ambaye hakuja anapata cha kuonja. Nyama ya leseni haiuzwi vichochoroni. Tangu 2020 zipo kanuni za bucha za nyamapori, na anayetaka biashara apite huko. Akishaanza kuhesabu kilo mtu huanza kupiga asichokihitaji.

Sheria sitaieleza kifungu kwa kifungu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imekataza sumu, mitego, moto, kumulika kwa taa usiku, kufukuza kwa gari, na imekataza kumpiga mwenye mimba, mama mwenye mtoto na ndama. Mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka wa hifadhi, humfuati. Unamwambia askari, na uchungu unaumeza. Ninachotaka kuongeza ni hiki: sheria inavunjwa na mtu ambaye wenzake wamenyamaza. Tochi inapotolewa begini usiku, huwa wapo watatu wengine wanaoiona. Neno "acha, bwana" likitoka kwa mwenzako lina nguvu kuliko faini, kwa kuwa kesho mtakula naye.

Upande wa pili wa urafiki ni kumkubali anayerudi mikono mitupu. Pongo amenifundisha hili. Huishi peke yake, vichakani, mara nyingi unaona sikio tu na mkia ukipepea. Na dume lake likijeruhiwa hugeuka; limewahi kuwatoboa mbwa na watu. Vijana huniuliza, "Ami, ulimwona bega?" Nami nikisema sikumwona, ndiyo maana sikupiga, hunitazama kama mtu aliyeacha fedha barabarani. Wakikaa miaka kadhaa huacha kunitazama hivyo.

Msimu uliofuata, mwenzetu yule wa kuro alikuwa na zamu tena. Jua lilikuwa linashuka, kongoni amesimama kwenye nyasi ndefu, upepo unatupendelea. Mjomba alikuwa ameinua kifuko chake cha jivu, vumbi likarudi usoni mwetu vizuri. Mwenzetu aliegemea mti, akatazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi. Kisha akashusha bunduki.

"Simwoni bega," akasema. "Nyasi zimemfunika."

Mjomba akafunga kifuko chake. Tulirudi kambini giza likianza kuingia, tukapika maharage.